Swali la Wakili

Kila mwaka, Ijumaa inayotangulia Pentekoste, Kanisa hutusomea habari za mfungwa ambaye kesi yake imemshinda liwali. Ni katika Matendo ya Mitume, sura ya 25. Liwali Festo anamsimulia mfalme Agripa kwamba alimkuta Paulo kifungoni, kwamba wakuu wa makuhani walimtaka amhukumu upesi, naye akawajibu kuwa Warumi hawana desturi ya kumtoa mtu kabla hajakutana ana kwa ana na wanaomshtaki na kupewa nafasi ya kujitetea. Kisha Paulo akakata rufaa kwa Kaisari, na wote ikawabidi kungoja.

Somo hilo nimelisikia mara nyingi bila kunigusa. Nililiona kama daraja tu la kumfikisha Paulo Roma. Mwaka 2024, katika Misa ya asubuhi ya tarehe 17 Mei, msomaji alikuwa mama mmoja wa shirika letu. Alisoma polepole, kwa sauti yake ya siku zote, na alipofika pale Festo anapoitaja desturi ya Warumi, sikuweza kuinua kichwa. Mtoto wa mama huyo alikaa gerezani miezi kumi na minne kwa sababu ya neno langu.

Naomba niwasimulie, maana wengi wenu mnalijua jambo hili nusunusu, na nusu mnayoijua inanipendelea mimi.

Usiku mmoja, miaka minne iliyopita, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwetu. Mkaaji wa Bukavu hahitaji kuelezwa zaidi. Walikuwa wanne au watano, mmoja wao amevaa koti la jeshi. Walichukua simu, cherehani ya mke wangu na fedha za karo tulizozificha chini ya godoro. Baba yangu, mzee wa miaka sabini na miwili, alichelewa kulala kifudifudi kama walivyoamuru. Wakampiga kwa kitako cha bunduki, sikioni. Tangu usiku ule sikio lake la kushoto halisikii.

Kulipopambazuka majirani walijaa uani, na kila mmoja alikuwa na jina mdomoni. Nami nikatoa langu. Nilimtaja kijana niliyemfundisha darasa la tano, aliyeacha shule na kuanza kutembea na kundi nisilolipenda. Siku mbili kabla ya usiku ule alikuwa amekuja kuniomba mkopo ili aanze kazi ya pikipiki, nikamfukuza kwa maneno makali. Sikusema kwamba namshuku. Nilisema nimemwona.

Alikamatwa siku ileile. Kwa kuwa silaha zilizotumika zilikuwa silaha za vita, faili lake halikwenda kwenye mahakama ya kiraia bali kwa mwendesha mashtaka wa jeshi. Huenda jambo hili likawashangaza. Katiba, katika kifungu cha 156, inasema mahakama za kijeshi ni kwa makosa ya wanajeshi na polisi. Lakini sheria ya tarehe 18 Novemba 2002 iliyoziunda, ambayo ni ya zamani kuliko Katiba yenyewe, inawavuta ndani hata raia fulani, hasa pale panapokuwa na silaha ya vita. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika miongozo yake juu ya kesi ya haki, inasema mahakama za kijeshi zisihukumu raia kwa hali yoyote. Huku kwetu zinaendelea kuwahukumu. Na mbele ya waamuzi watano wa mahakama ya namna hiyo msidhani wote wamesomea sheria. Wapo maofisa wanaoitwa kutoka kwenye vikosi vyao kuja kukaa pale.

Kesi ya kijana ilisikilizwa siku moja. Wakili aliyepangiwa alipewa faili asubuhi ileile, akalisoma amesimama barazani. Maswali yaliulizwa kwa Kifaransa, kijana akajibu kwa Kiswahili, na mimi, mwalimu ninayezijua lugha zote mbili, nilisikia kwamba majibu yake mawili hayakutafsiriwa yote. Nikanyamaza. Mwendesha mashtaka aliomba kifo. Waamuzi wakatoa miaka ishirini. Jumapili iliyofuata nilipeleka altareni sadaka ya shukrani.

Ila kabla ya Jumapili hiyo kulikuwa na jioni moja ambayo sipendi kuikumbuka. Mama yake alibisha hodi kwetu. Nilifikiri amekuja kulia au kunilaani. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliketi, akamsalimia baba yangu kwa kumwinamia upande wa sikio lisilosikia kabla hajakumbuka kuhamia upande wa pili, kisha akaniambia, "Mwalimu, wameniambia kuna karatasi ya rufaa, na siku zake ni chache. Mimi Kifaransa sikijui. Nisaidie kuiandika."

Nilimjibu kwamba nimechoka.

Rufaa mbele ya mahakama za kijeshi ina siku zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Zikipita, mlango umefungwa. Mtawa mmoja ndiye aliyemsindikiza hadi kwa karani, siku zikiwa zimekaribia kwisha. Mpaka leo nikiona mkono wangu ulio na chaki, huhesabu.

Nimejifunza baadaye mambo ambayo wakati ule sikutaka kuyajua. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 17, inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka itolewe hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18 kinaagiza kwamba anayekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, tena kwa lugha anayoielewa. Aruhusiwe kuwasiliana papo hapo na jamaa zake au wakili wake. Na asizuiliwe kituoni zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa kwa mkuu wa sheria. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kujitetea mwenyewe au kwa mtetezi aliyemchagua, katika ngazi zote za kesi. Hakuna palipoandikwa kwamba haki hizo ni za watu wema tu, wala kwamba zinaachwa mlangoni mtu anapoingizwa mbele ya waamuzi wenye vyeo mabegani. Kifungu cha 61 kinakwenda mbali zaidi: hata nchi ikiwa katika hali ya kuzingirwa, kama walivyoingizwa ndugu zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, ambako wanajeshi walipewa kuhukumu makosa ya jinai ya raia, haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa haziguswi. Kwenye orodha hiyohiyo, karibu nazo, kuna marufuku ya mateso. Paulo naye, mtakumbuka, alipokuwa karibu kupigwa mijeledi ngomeni ili aseme, alimuuliza akida kama sheria inaruhusu. Swali moja tu, na wenye mijeledi wakarudi nyuma.

Kwa nini walioandika Katiba walishikilia rufaa kiasi hicho? Nadhani walikuwa na kumbukumbu. Mwaka 1966, miezi sita baada ya Mobutu kutwaa madaraka, wanasiasa wanne, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba, walikamatwa wakati wa Pentekoste, wakashtakiwa kwamba wanataka kuipindua serikali. Walikuwa raia. Tarehe 31 Mei walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Waamuzi wakajitenga kwa dakika chache tu, wakarudi na hukumu ya kifo. Tarehe 2 Juni walinyongwa hadharani Kinshasa, mbele ya maelfu ya watu. Kati ya kukamatwa na kitanzi hapakupita hata juma moja. Watu wakawaita mashahidi wa Pentekoste, na uwanja mkubwa wa Kinshasa, uliobeba kwanza jina la Kamanyola yetu ya Kivu Kusini, leo unaitwa kwa heshima yao. Ndimo Papa Fransisko alimokutana na vijana tarehe 2 Februari 2023 na kuwaambia watazame mikono yao, akitoa kwa kila kidole neno moja: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Mimi nilitazama kwenye televisheni, nikafurahi pamoja na wengine, na wale wanne hawakunijia akilini hata kidogo.

Mwaka 2024 Pentekoste iliangukia tarehe 19 Mei, siku mbili baada ya Misa niliyoitaja. Alfajiri ya Jumapili hiyo kundi lenye silaha lilishambulia makazi ya Vital Kamerhe na Ikulu mjini Kinshasa. Watu 51 walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wakiwemo raia na wageni kutoka nje. Tarehe 13 Septemba 37 kati yao walihukumiwa kifo. Mengi yanaweza kusemwa juu ya kesi hiyo, na mawakili wameyasema. Lakini ilichukua miezi, si dakika, na watu 14 waliachiliwa. Hao 14 ndio ninaowafikiria. Kwa mwendo wa mwaka 1966 wangekwisha kuzikwa.

Msidhani pia kwamba rufaa ni mali ya mshtakiwa peke yake. Minova si mbali nasi. Ni mwendo wa barabara ya ziwa, ukishapita Kalehe. Novemba 2012 askari wa serikali waliokimbia kutoka Goma waliwafanyia wanawake wa pale unyama ambao sitauandika katika ukurasa huu. Kesi yao, ya washtakiwa 39, ilikabidhiwa mahakama ya kijeshi ya operesheni, ambayo hukumu zake hazina rufaa. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ikatoka: waliopatikana na hatia ya ubakaji walikuwa wachache mno. Wanawake waliokuja kutoa ushahidi, wengine wamefunika nyuso zao, wakatamani kupanda ngazi ya juu zaidi. Ngazi haikuwepo. Mlango ule uliofungwa kwa askari ulikuwa umefungwa kwao pia. Linganisheni na Kavumu, ambako mbunge wa jimbo na watu wake walishtakiwa kwa mambo waliyowatendea watoto wadogo wa kike. Walikuwa na mawakili, walibishana, walihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 13 Desemba 2017, wakakata rufaa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikaithibitisha hukumu. Hakuna anayeweza leo kuwaambia wale wazazi wa Kavumu kwamba watu hao walionewa kwa haraka.

Narudi kwa kijana wangu. Rufaa ilisikilizwa mwaka uliofuata. Safari hii alikuwa na wakili aliyepata muda wa kulisoma faili. Metre, kama tunavyowaita huku kwetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo. Niliitwa kama shahidi. Nilivaa suti yangu ya harusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, na yeye hakuwa na ukali wowote.

"Mwalimu, pole kwa yaliyompata mzee. Usiku ule umeme ulikuwepo?"

Haukuwepo. Mtaa wetu ulikuwa na siku tatu gizani.

"Basi mwanga ulikuwa wa nini?"

"Wa tochi."

"Tochi ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwao."

"Na ilimulika nyuso za nani?"

Nilikaa kimya muda ambao mke wangu, aliyekuwa nyuma, anasema ulikuwa mrefu sana. Ilimulika zetu. Nikajaribu njia nyingine, nikasema nilimtambua kwa sauti. Akaniuliza sauti ile ilisema nini. Nikajibu: ilisema, lala chini. Akayarudia maneno yale mawili kwa sauti yake ndogo, kisha akaniuliza kama kwa maneno mawili, miaka minane baada ya darasa la tano, sauti ya mtoto ikiwa imekwisha kuvunjika, ningeweza kuapa mbele ya Mungu. Alisema "mbele ya Mungu" bila kuongeza mkazo. Nilimtazama kijana. Alikuwa amekonda, anajikuna mikono kama wafungwa wote wanavyojikuna. Nikasema, siwezi.

Waamuzi walimwachilia kwa sababu ya shaka. Waliotuvamia hawajajulikana mpaka leo.

Nimesimulia jambo hili katika kikundi cha vijana, na swali lililotoka lilikuwa halali: "Mwalimu, na kama angekuwa ndiye? Je, wakili hangewaachilia majambazi warudi mtaani?" Sitawadanganya. Inaweza kutokea, na baba yangu ana hasira mpaka leo kwamba hakuna aliyelipa kwa ajili ya sikio lake. Nami namwelewa. Lakini nafikiri juu ya nafsi yangu vilevile. Sheria ile niliyoiona kuwa ni ngao ya majambazi ilikuja kunitoa mimi katika dhambi dhidi ya amri ya nane, dhambi niliyoitenda nikiwa nimevaa rozari shingoni. Bila ngazi ya pili ningekufa na uongo huo, na pengine mbele ya watu ningeendelea kuitwa mwenye haki.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Kwa waraka wa tarehe 13 Machi 2024, serikali iliondoa zuio la muda mrefu juu ya kutekeleza hukumu za kifo, kwa wanajeshi wanaotuhumiwa kwa uhaini na pia kwa ujambazi wa mijini unaosababisha vifo. Mei hiyohiyo, Goma, wanajeshi wanane walihukumiwa kifo kwa kosa la woga mbele ya adui. Wanajeshi nao ni watoto wa mashirika yetu. Wengine walikuwa Kiro au Xaveri pamoja nanyi, kabla hawajavaa buti. Kanisa limesema wazi, tangu Papa Fransisko alipoibadili Katekisimu mwaka 2018 katika namba 2267, kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Wapo Wakristo wanaolipokea fundisho hilo kana kwamba ni la watu wa Ulaya wasiojua vita. Mimi ninalipokea kwa sababu mwendesha mashtaka alikuwa amekiomba kifo cha mtoto niliyemfundisha kugawanya sehemu, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa mimi.

Sasa tunakwenda gerezani Jumamosi ya pili ya kila mwezi, wale wanaopenda. Hapo awali tulipeleka sabuni, unga wa mihogo na nyimbo. Bado tunapeleka. Lakini tumeongeza daftari. Tunamwuliza kila mmoja: ulikamatwa tarehe gani? Ulielezwa sababu kwa lugha gani? Jamaa zako wanajua uko wapi? Umekwisha kumwona wakili? Hukumu ilitoka lini? Hilo la mwisho ndilo tunaloliuliza kwanza, kwa ajili ya zile siku za vidole. Daftari tunalipeleka kwa tume ya haki na amani, nao huwatafuta mawakili wa chama wanaosaidia bila malipo. Si kila Jumamosi huzaa kitu. Wengine wanatuambia mambo ambayo tunajua si ya kweli, na tunayaandika pia, maana kupima ukweli wake si kazi yetu. Msichana mmoja wa kikundi, wa darasa la sita la sekondari, sasa anaandika barua za rufaa kwa Kifaransa kizuri kuliko changu.

Kijana yule alipata pikipiki, kwa mkopo wa mtu mwingine. Nilikuwa nikimkwepa. Nikimwona kwenye kituo cha motari pale Nyawera nilikuwa nikivuka barabara. Mwezi uliopita mvua ilinikuta sokoni Kadutu, giza linaingia, na pikipiki iliyosimama mbele yangu ilikuwa yake. Nilipanda. Hatukusema neno njia yote, naye aliendesha kwa uangalifu kwenye matope, akipunguza mwendo kila penye shimo. Tulipofika nikatoa noti. Akaipokea, akanirudishia chenji yote, akaihesabu mkononi mwangu. Kisha, kabla hajawasha, akauliza:

"Mwalimu, sikio la mzee linaendeleaje?"